Kitambaa Kimoja

Ndoo nyekundu ni za huku. Za kijani ni za kule.
Kasyoka amechora mstari wa chokaa katikati,
kutoka pipa la maji hadi kwenye mkaratusi,
na mimi, kwa kosa langu, niko huku.

Julai. Ukungu umeilalia Barabara ya Ngong,
magari yanapita yakiwa taa tupu, bila miili.
Nachovya buti kwenye karai la dawa
nikiingia, nikitoka, nikiingia tena,
mpaka zimepauka kama visigino vyangu.

Nianze palipoanza.
Bahasha aliletwa kwa lori kutoka Nanyuki,
Jumanne, mvua ikinyesha, kila mtu akitaka kwenda kwake.
Banda la wageni tulikuwa tumelijaza nyasi kavu.
"Mweke tu hapo kando ya Shilingi," nilisema mimi,
"usiku mmoja haujawahi kuua mtu."
Mtu, kweli, haujaua.

Pua yake ilichuruzika, kidogo, maji tu.
Nikatoa kitambaa mfukoni nikampangusa.
Kisha nikamgeukia Shilingi wangu,
niliyemlea tangu miguu yake ikiwa vijiti vya kuazima,
nikampangusa vumbi la pua, kama kila jioni,
kwa kitambaa kilekile.

Huo ndio uchawi wote.
Hakuna aliyetupiga jicho, kama anavyodai Omwoyo.
Ni mapenzi yangu, na kipande cha pamba.

Siku ya tisa kipimajoto kikasema arubaini.
Chini ya taya ya Shilingi pakaota kitu
kama kiazi, kisha kama ngumi;
akimeza maji, maji yanarudi puani.
Daktari Nasimiyu alibonyeza, akanitazama, hakuuliza.
Ningependa angeuliza.

Anayemgusa mgonjwa hamgusi mzima.
Hatuazimani hatamu, wala brashi, wala uma wa samadi.
Lori haliingii, lori halitoki.
Mama mmoja wa Karen alipiga simu akifoka:
mashindano yake, ada aliyokwisha kulipa,
na farasi wake mbona hana hata kikohozi!
Kasyoka akamjibu polepole, kalamu sikioni:
"Ugonjwa huu hauna risiti, mama.
Ukishatoka hapa haurudishwi."

Lemeiyan ndiye anayelisha wazima, ng'ambo ya chokaa.
Ananiwekea chupa ya chai juu ya jiwe,
anarudi nyuma hatua kumi, ndipo nami nasogea,
kama watu wanaodaiana.
Tumelala chumba kimoja Kawangware miaka sita.
Sasa nalala juu ya magunia, namjua kwa kofia yake.

Usiku jipu lilipopasuka nilikuwa peke yangu nalo.
Harufu sitaisema.
Nilikosha kwa maji ya chumvi, vuguvugu, taratibu,
na kila kilichoguswa na usaha nikakichoma debeni:
pamba, nyasi, na kitambaa kile,
nilichokuwa nimekihifadhi mfukoni, sijui kwa nini.
Hakikutaka kushika moto. Kilikuwa kimelowa.
Nyuma yangu Shilingi akavuta pumzi,
ndefu, iliyopata njia.

Wiki ya sita. Sampuli mbili safi, tunangoja ya tatu.
Daktari anasema mnyama aweza kupona kwa macho
na bado akaubeba kooni, kimya, kama siri ya ukoo.
Kwa hiyo chokaa tumeichora upya, mvua iliifuta.

Leo alfajiri wale wa kule wamelia
naye amewajibu, kwa sauti yenye kutu.
Kisha amenisukuma bega: anadai apanguswe.
Nimenawa mpaka viwikoni.
Nimetungua kitambaa chake kwenye msumari wake,
chenye herufi S niliyoishona mwenyewe, imepinda,
nikampangusa, nikakirudisha.

Halafu nimenawa tena,
nimetungua kile chenye B,
nikaenda kwa Bahasha.